Kesi Ishirini na Mbili

Jumapili, 7 Juni 2026

Mkutano wa siasa hapa Boito, na uchaguzi ni mwakani! Tulitoka kanisani tukakuta magari mawili uwanjani na muziki juu. Ni Mosonik, anataka kuwa MCA, mjumbe wa wodi yetu kaunti. Anayemshikia maiki ni Kipruto, shemeji ya jirani yangu Chemutai. Ndiye anawaonyesha watu wakati wa kupiga makofi.

Mosonik alianza na barabara, halafu bei ya majani chai. Watu wakapiga miayo. Ndipo akabadilisha sauti. Kesi za ubakaji na kushika wasichana kwa nguvu huku kwetu, mwaka juzi zilikuwa saba. Mwaka jana, ishirini na mbili! Nani aliingia hapo katikati?

Watu: Warundi!

Warundi wenyewe ni familia chache, wakimbizi, wanauza njugu na kahawa ya thermosi. Goreth na kaka yake wamepanga chumba kwetu. Na Goreth alikuwa pale pale na beseni yake ya njugu! Hakukimbia. Aliifunika na leso, akaondoka polepole kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Chemutai alipiga makofi. Mimi sikupiga.

Saba mpaka ishirini na mbili. Hiyo namba ameitoa wapi? Natamani tu kujua.

Jumatatu, 8 Juni

Kazini hawaongei kingine. Dereva wa lori la majani anasema kwao Kipkelion hakuna Mrundi hata mmoja na wasichana wanaharibiwa vile vile. Karani mwenzangu akamwambia asitetee watu asiowajua. Wakanuniana hadi saa ya chai.

Jioni mume wangu Clifford aliniambia afadhali wapangaji wahame mapema. Si kwa ubaya, anasema. Watu wakikasirika hawachagui mlango. Nyumba ni yetu, na sisi wenyewe ni watu wa ziwani, si wa kabila la hapa.

Nikamwambia: Baba Steve, zero eight, zile fujo za uchaguzi, tulilala wapi?

Alijua. Zizi la mama yake Chemutai, wiki nzima, ng'ombe wakitupumulia usoni.

"Hiyo ilikuwa tofauti. Sisi tulikuwa tunajulikana."

"Na bado tulifukuzwa na waliotujua."

Akawasha redio.

Simlaumu. Anaogopa. Mimi pia naogopa, ila mimi woga unanifanya niulize maswali. Yeye unamnyamazisha.

Jumatano, 10 Juni

Nimeenda! Saa ya lunch nilipanda boda mpaka stesheni ya polisi. Nilifikiri watanicheka. Walinielekeza nyuma, kwa dawati la jinsia. Afande Rebeccah — mwembamba, macho makali, anakula mahindi ya kuchemsha.

Nikamuuliza moja kwa moja kama namba ya Mosonik ni ya uongo.

"Ni ya kweli," akasema.

Nilitaka aseme ni uongo niende nyumbani nimeshinda.

Majina hawezi kunipa, na sikuyataka. Ila alisema kati ya washukiwa wale, mgeni wa kutoka nchi nyingine ni mmoja. Wengine ni wa hapa hapa — baba wa kambo, mjomba, jirani, mtu wa boda. Na walioumizwa? Wawili ni watoto wa wakimbizi. Hilo, akasema, hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Basi mbona namba imepanda? Akanionyesha mlango. Zamani msichana alikuwa anaeleza mambo yake pale kaunta, nyuma yake wanaume wamepanga laini kutafuta abstrakti, zile barua za vitambulisho vilivyopotea. Mwaka jana wakapewa hiki chumba. "Mlango tu unaofungwa."

Kwa hiyo ubaya umeongezeka, ama umeanza tu kusikika?

"Sijui," akasema. "Nikikwambia najua, nitakuwa kama Mosonik."

Nimempenda huyu mtu.

Alhamisi, 11 Juni

Nilimweleza Clifford yote. Alishika neno moja tu.

"Mmoja! Umeona?"

"Na wengine wote?"

"Hao ni wetu."

Alipolisikia jibu lake mwenyewe alikunja uso kidogo. Hakulirudisha, lakini nilimwona.

Goreth alikuwa akiosha sufuria nje. Nikamuuliza kama anamjua huyo mmoja. Ndiyo, anamjua. Ni wao Warundi walimshika wakampeleka polisi wenyewe, na sasa amefungwa. Nikashangaa. Kwa nini hamsemi?

"Tukisema, mama, mtasikia nini? Mtasikia tu kwamba alikuwa wetu."

Jumamosi, 13 Juni

Asubuhi nilienda kumsaidia Chemutai kuchuma. Ukungu ulikuwa mzito. Mtu anaongea vizuri akiwa anachuma, kwa sababu macho yako kwa majani. Nikamweleza ya Afande Rebeccah. Nilifikiri atakasirika, maana yeye ndiye mwakilishi wetu wa Nyumba Kumi na Kipruto amemhesabu upande wao.

Hakukasirika. Mikono yake haikusimama.

"Katika hiyo ishirini na mbili, Mama Steve, mmoja ni wangu."

Sikuelewa. Wako vipi?

"Nelvine."

Nelvine, binti yake! Yuko form three. Yule aliyekuwa akiimba kwaya, akaacha. Sisi sote tulisema ni ukubwa.

Nikauliza ni nani. Akasema tu, "Anashika maiki."

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana. Chemutai alimpeleka Nelvine polisi mwenyewe bila kumwambia mumewe, siku iyo hiyo. Waliporudi ukoo ukakaa. Kipruto akatoa ng'ombe mmoja, wakaomba, wakala, wakasema imekwisha. Nelvine akaambiwa asirudi tena kutoa ushahidi. Kesi ikalala. Lakini ilikuwa imeshaandikwa, na Mosonik akapata namba yake.

Ng'ombe huyo ni yule mwekundu. Chemutai humkamua kila siku, na maziwa yote yanaenda kuuzwa dairy. Hata tone hawanywi.

Nikamuuliza — nilishindwa kujizuia — sasa mbona Jumapili ulipiga makofi?

Kikapu kilikuwa kimejaa na bado alikuwa anasukumia majani ndani.

"Kama ni Warundi, basi si nyumbani kwangu. Dakika ile niliamini kabisa. Ilikuwa tamu."

Jumanne, 16 Juni

Najiuliza ni wangapi pale uwanjani walipiga makofi hivyo. Wangapi walikuwa na lao wanalificha? Nilikuwa nafikiri watu wanaamini namba kwa sababu ni wajinga. Sasa sifikiri hivyo.

Sijamwambia Clifford. Si yangu kusema.

Ijumaa, 19 Juni

Kipruto amekuja kwetu! Amekaa kwa kiti chetu, amekunywa chai yetu, amemuuliza Steve habari za shule. Heshima nyingi. Jumapili kuna mkutano pale kwa kituo cha majani. Wenye nyumba wataombwa watoe wageni kabla ya mwezi kuisha, na Chemutai kama Nyumba Kumi ataunga mkono ili ionekane ni wananchi wenyewe wameamua.

Nilimwangalia mikono. Mikono ya kawaida.

Alipoondoka niliosha kikombe chake mara mbili. Clifford akauliza kuna nini. Nikasema kimeshika mafuta.

Goreth ameanza kufunga vitu. Kaka yake anasema watajaribu kuhamia Mogogosiek. Nikawaambia wangojee. Wangojee nini?

Jumapili, 21 Juni

Niko jikoni. Nitaandika haraka.

Watu walijaa mpaka barabarani. Mosonik akarudia namba yake, watu wakaitikia. Akamwita Chemutai. Kipruto mwenyewe akampelekea maiki, akitabasamu, "Karibu, shemeji."

Chemutai aliipokea. Akageuka kumtazama Mosonik.

"Mheshimiwa, nina swali. Kati ya hizo ishirini na mbili, Warundi ni wangapi?"

Mosonik akasema hayo ni mambo ya polisi, la muhimu ni usalama wa mabinti zetu.

"Ndiyo. Binti zetu. Mimi nimeuliza wangapi."

Kelele kidogo. Mtu akapiga kelele akae chini. Nilikuwa nimesimama — sikumbuki nilisimama saa ngapi — nikasema kwa sauti, "Ni mmoja! Nilienda polisi kumuuliza afande wa kike!" Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Clifford alinivuta sketi. Halafu akaiachilia.

Kipruto alinyoosha mkono achukue maiki. Chemutai akarudi nyuma hatua.

"Huyu asinishike," akasema, na ikasikika mpaka kwa duka za juu. "Huyu anajua kwa nini."

Basi. Hakusema jina la Nelvine. Lakini ni kama upepo ulipita. Wazee wa ukoo waliangalia chini, wote mara moja, na kila mtu akawaona wakiangalia chini. Mosonik akafunga mkutano kwa maombi.

Sasa Chemutai na Nelvine wako sebuleni kwangu kwa sababu hawawezi kwenda kwao. Mumewe ametuma mtu kusema asirudi. Goreth amewapikia chai. Amekaa karibu na Nelvine, anamenya njugu na kumpa moja moja.

Getini kuna wanaume sita au saba. Clifford ametoka kuongea nao. Alivaa koti lake la kanisa kwanza, akafunga vifungo vyote. Nilimuuliza atawaambia nini. Akasema bado hajui, lakini mlango asifungue mtu mpaka arudi.

Wanaongea Kipsigis, lugha ya hapa, haraka, siwezi kufuata. Nasikia neno "wageni." Sijui ni kina nani safari hii.

Kuna mtu anabisha mlango wa nyuma. Si wao, kubisha kwenyewe ni kwa upole sana.

Nimechungulia dirishani. Ni mwanamke ambaye huwa namwona sokoni tu, jina lake silijui. Amevaa tisheti ya Mosonik. Ameshika mkono wa msichana, labda wa darasa la sita. Nimefungua kidogo nikamwambia aingie, hataki kuingia. Anauliza tu kama yule afande wa kike anapatikana Jumapili.