Kiboko Ashitakiwa kwa Kashfa

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
12 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimepona? Huku kimwili sisi tu wazima, na Mama sasa anatembea bila fimbo. Ila mimi nimekata tamaa kabisa. Hii ni barua ya nne bila jibu lako, nakuomba hii uisome mpaka mwisho.

Nilikuandikia kwamba nimepata kazi katika bustani ya michezo. Sikukwambia kazi gani, kwa aibu. Navaa kiboko. Ni vazi la sponji, joto lake halisemeki, na naona nje kupitia kitundu cha mdomoni. Wageni wanakuja ili kiboko awatukane. Naam, Kaka, watu wazima na akili zao wanapanga foleni waambiwe vitambi vyao vimefika kabla yao.

Kazi hiyo ina sheria moja, na Meneja huirudia kila asubuhi tukivaa: tukana unachokiona, usitukane unachokijua. Kofia, mwendo, kitambi, ruksa. Mambo ya nyumbani kwa mtu ni mwiko.

Jumamosi moja mwezi uliopita alikuja wifi, mkeo, pamoja na mafundi wenzake wa pale wanaposhona sare za shule. Hakujua ni nani yumo ndani ya kiboko. Nilimwona na gauni jipya, anacheka, na shetani akanipitia. Labda niliona wivu kwamba ameweza kucheka wakati mimi bado nakulilia. Nikapaza sauti: "Huyu mama anapakua sahani mbili kila jioni! Moja yake, moja ya mume aliyeyeyuka! Mama, huyo harudi, ile ya pili mpe paka!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wifi alisogea, akachungulia kwenye kile kitundu, akauliza taratibu, "Wifi, ni wewe?" Hakuna mwingine aliyewahi kula kwake akaiona hiyo sahani yako.

Kazini wifi alikuwa akiwaambia wenzake kila mwaka kwamba unarudi mwakani, nao walimwamini. Sasa wanamwita Sahani Mbili. Wakifungua chakula cha mchana wanamuuliza kama mzee ameshashiba. Wiki ya pili aliacha kwenda, na cherehani yake amepewa mwingine. Ndipo akatushitaki, mimi na bustani, kwa kashfa. Simlaumu hata chembe.

Meneja ametutafutia mwanasheria, mzee mmoja anayetafuna karanga huku akiongea. Mwanzoni alifurahi: eti hakuna mwenye akili timamu anayeyachukua maneno ya kiboko kuwa habari. Nikamweleza walivyoyachukua kule kazini kwa wifi. Akafuta mikono, akasema, "Basi imebaki njia moja, binti yangu. Kashfa lazima iwe uongo. Tukionyesha kwamba kaka yako kamtelekeza kweli, tumeshinda. Ana miaka mingapi hajarudi?"

Nikamwambia tisa. Akaandika huku anatabasamu. Nililia palepale kitini, naye akadhani nalia kwa furaha.

Anataka nisimame mbele ya hakimu nitaje barua zote ambazo hukujibu. Nikikataa, kazi imekwenda, na Mama hana mwingine ila mimi. Nikikubali, mahakama itapiga mhuri kwamba wifi hana mume, na nitakuwa nimemtukana mara ya pili, safari hii bila kuvaa chochote usoni. Nimekonda, Kaka. Sijui nishike lipi.

Mama hajui lolote. Anadhani wifi haji kwa sababu ya kazi nyingi. Anakusalimu na kukukumbusha uvae sweta. Shangazi naye anakusalimu, tena bila kukusema vibaya, ujue amezeeka. Kwa wifi sikuthubutu kwenda kuuliza salamu. Mungu akutunze, akupe na miguu ya kurudi.

Kesi ni tarehe tatu Aprili, saa tatu asubuhi. Njoo, Kaka. Huna haja ya kusema neno. Ingia tu ukae karibu na mkeo, hakimu akuone, ili nionekane mwongo na nishindwe.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakupenda.