Kilo Zilizokwanguliwa

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi kali Jeppestown. Nondo ya kunyanyulia uzito inauma viganja. Kocha Salumu kaja na koti lake la jeshi, la tangu enzi za Morogoro, na hakulivua mpaka tunamaliza. Nimenyanyua kilo mia na sita. Mara mbili. Ya pili nilikuwa nacheka moyoni.

Mwaka jana nilichukua ubingwa wa jimbo kwa tisini na nane. Sasa nina miaka thelathini na tatu, nasuka nywele kutwa nimesimama, na kilo bado zinaongezeka. Papa Kalala, mwenye karakana tunayofanyia mazoezi, alizima mashine yake ya kuchomelea ili atazame. Akapiga makofi na glavu zake mkononi.

Nimejiona mtu leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani, Troyeville. Nimetoa ushuhuda. Sikupanga, mama alinisukuma kiunoni. Nikasema Mungu ameniongezea kilo nane tangu mwaka jana, na tarehe ishirini na tatu nitatetea ubingwa wangu kwa mia na sita. Vigelegele. Kina mama wamekodi kombi waje kunitazama. Mama kaanza kufunga kwa ajili yangu, chai tu mpaka jioni.

 

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbaya.

Kocha kanipeleka ukumbi wa chuo kimoja nizoee jukwaa la kweli. Tukaweka mia na sita. Haikupita magoti. Tena. Ikafika mabegani, ikanikalisha chini. Tukashusha mpaka mia na tatu. Imenishinda pia.

Nimesingizia viatu. Baridi. Siku za mwezi.  Tuliposimama na gari kwenye robot, taa za njia panda, nikalia, Kocha akawa anazitazama tu mpaka zikawa kijani. Nauchukia mwili wangu leo.

Alhamisi, 14 Agosti

Kocha kashuku uzito wa nondo yetu ya karakanani, kabeba sahani zake kubwa nne za chuma mpaka Fordsburg, kwa muuza mchele wa jumla ambaye mkewe namsuka. Tukapandisha moja kwenye mizani ya magunia. Imeandikwa ishirini. Mizani ikasoma kumi na nane na nusu. Tukaishusha, tukaipandisha tena. Halafu zile nyingine tatu. Zote vilevile.

Januari Papa Kalala alizichukua sahani hizo ziwe zawadi ya ubingwa wangu. Zilikuwa na kutu na vishimo. Akazipitisha kwenye mashine ya kuchongea chuma mpaka zikang'aa, akazipaka rangi nyekundu, akaandika ishirini upya kwa mkono wake. Siku ile nilimkumbatia. Kilo sita zikabaki sakafuni, zikafagiliwa na uchafu mwingine.

Kwa hiyo mia na sita yangu ni mia. Na nimesimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kilo ambazo Papa Kalala alizikwangua.

Nilimwendea na maneno yangu nimeyapanga. Akakaa juu ya ndoo, kofia mkononi. "Ma fille, binti yangu, mi nilikuwa nataka tu ikuwe mazuri, kama ya kwenye televizyo."

 Hasira bado ninayo, ila sijui niipeleke wapi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia mama. Kasema ninyamaze, ushuhuda ukishatolewa haurudishwi, na labda siku yenyewe Mungu atajazia. Nikamjibu Mungu si fundi wa chuma. Kanuna. Hajala wala hajavunja mfungo wake.

Jumatano, 20 Agosti

Papa Kalala kakata minyororo, tumeipima Fordsburg, tunaifunga kila upande kufidia zilizopotea. Nondo inalia kama geti.

Mia: imepanda. Mia na tatu: chini. Mia na tatu: chini. Goti la kushoto limevimba kidogo. Kocha anataka nianze na tisini na sita Jumamosi. Nilibisha, kwa aibu tu. Halafu nikakubali.

Mia ni yangu. Hiyo haikwanguliki.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimechoka. Naandika kabla sijasahau.

Kwenye mnyanyuo wa kwanza, ule wa moja kwa moja hadi juu, tulilingana mimi na Lerato, binti wa Soweto, miaka ishirini, mgongo kama ubao. Ubingwa ukabaki kwenye mnyanyuo wa pili, wa kupitia mabegani. Kina mama wa kanisa walijaza safu mbili. Jina langu lilipoitwa na tisini na sita, nikasikia minong'ono. Mia na sita iko wapi?

Tisini na sita, sawa. Mia, sawa. Nikaomba mia na tatu.

Mabegani ilifika kwa shida. Nilipoinuka nayo sikuona kitu, weusi mtupu. Nikavuta pumzi moja. Nikasukuma. Mikono ikanyooka, goti likapiga kelele, nikabaki pale mpaka taa za waamuzi zikawaka. Nyeupe zote tatu.

Lerato alikuwa na zamu moja imebaki. Akaomba mia na nne. Akainyanyua vizuri, wala sina la kusema.

Nimekuwa wa pili. Imeniuma sana. Kwenye kombi hakuna aliyeimba. Papa Kalala alikuwa nyuma kabisa, na ni yeye na Kocha tu waliojua kwamba maishani mwangu sijawahi kunyanyua uzito ule.

Jumapili, 24 Agosti

Nimesimama bila kusukumwa. Nikaeleza yote: mashine, rangi, mizani ya mchele. Nikasema nilitaja kilo ambazo sikuwa nazo, na jana nilinyanyua mia na tatu ambayo ipo.

 Papa Kalala akainuka safu ya tatu, akasema, "Ni mie nilizipunguza." Akakaa. Mtu akacheka, kisha wengi. Mchungaji pia. Mama alikuwa anatazama sakafu.

Jumanne, 26 Agosti

Papa Kalala kapata sahani nyingine nne kwa wauza vyuma chakavu. Safari hii kazipitishia Fordsburg kwanza. Kaniuliza kama azipake rangi angalau. Hapana. Kutu ibaki.

Tumefanya kazi nyepesi, goti linapona. Lerato anakuwa na nguvu kila mwezi. Na mimi nitakuwa hapa kila asubuhi.

Nimerudi nyumbani viganja vya kahawia kwa kutu. Mama kaleta maji ya vuguvugu kwenye beseni, kaanza kunisugua mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Kauliza mia na tatu ni kama magunia mangapi ya mchele. Mawili ya hamsini, nimemwambia, na kidogo juu yake.  Kaendelea kusugua.