Kuku Alikuwa wa Kwanza Kujua

Dada Kabula,

Shikamoo. Marahaba nitajijibia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa huimalizi kabla hujanituma kitu.

Nimepona. Naanza na hilo ili usinifokee kabla hujafika mwisho. Ugali wangu hauungui tena. Mwanangu Minza amerudi mgongoni kwangu. Miezi ile alikuwa anakimbilia kwa jirani, kwa sababu mama yake alishinda mlangoni akimtazama bila kumwona.

Ndivyo nilivyokuwa baada ya kukuzika. Silii, siongei, chakula hakipiti. Baba Minza akasema huu si ugonjwa wa tumbo, tutafute mganga wa mambo ya moyo. Nikakumbuka maneno yako: "Fundi, dereva, mganga, asiye na karatasi ya serikali asikuguse." Nawe hukujua kusoma hata herufi moja! Basi kule kwetu Kahama tukaulizia mwenye karatasi. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja nyuma ya soko, ameitundika ukutani, ina mhuri mkubwa. Yeye akawa ananiuliza shida yangu ni nini, mimi nikawa naisoma. Dada, ilikuwa leseni ya baiskeli. Baba Minza anayo kama hiyo, huitunza kwenye mfuko wa shati. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu uondoke, kwa hiyo yule mzee simlaumu sana.

Tulipotoka pale Baba Minza akasema mfumu wa kweli, yule mganga aliyefundishwa akasimikwa, hamuulizi mgonjwa. Anamuuliza kuku. Akanipakia kwenye baiskeli, mimi na kuku wetu, hadi karibu na Bugarama kwa mama mmoja anayeitwa Mama Kulwa. Hana karatasi yoyote. Alinitajia aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo, na kandokando ya boma lake nikaona nyumba za watu aliowaponya wakakataa kuondoka.

"Nenda nyuma ya ghala, mayu, mama yangu," akasema. "Mwambie kuku. Mimi usiniambie."

Nikamwambia kuku. Nilimwambia kwamba uliniita. Ulituma mtu aseme unaumwa, nije, nami nilikuwa nimekununia kwa sababu ulimwazima wifi yako khanga yangu ya maua ya njano bila kuniuliza. Nikasema, asubiri. Ulisubiri siku tatu, dada, ukafa. Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata Baba Minza. Yule kuku akawa ananitazama kwa jicho moja tu. Nikamtemea mate mdomoni kama inavyotakiwa, nikarudi naye nikilia kwa sauti, kilio ambacho msibani kilikataa kutoka.

Mama Kulwa akampasua, akatazama chini ya mabawa, akasema, "Wewe uliitwa, hukwenda." Labda alikiona kwa kuku. Labda alinisikia, maana kunong'ona kwangu unakujua. Sijali. Nilikaa kwake mpaka karanga zake zikakomaa, nikilima pamoja na wagonjwa wenzangu, na kila asubuhi kabla ya kushika jembe alitaka nimsimulie jambo moja juu yako. Nikasimulia siku uliyonibeba kuvuka mto, ukateleza tukaanguka wote wawili, kisha ukamwambia mama mimi ndiye niliyekusukuma. Walicheka wote, hata mgonjwa mmoja mzee ambaye hakuwa akisema na mtu.

Siku ya kuniaga Mama Kulwa aliniambia, "Sasa nenda kaitike."

Ndiyo maana niko hapa kwenu, nimekaa kando ya kaburi lako. Wifi yako amenirudishia khanga, ameifua na kuikunja vizuri, nami nimejifunga leo. Imekwisha rangi kidogo. Minza anang'oa majani yaliyoota juu yako na anadhani anakusaidia.

Nakuahidi hivi: mtu wangu akiniita, hata kama nimenuna, nitakwenda na unga mikononi. Ugomvi tutaumalizia hukohuko. Barua hii naifukia upande wa kichwa chako, mtafute huko anayejua kusoma, hata kama hana karatasi.

Lala salama. Utotoni ulikuwa unaniita mara tatu ndipo niitike, kisha unanifinya sikio. Safari hii nimechelewa kuliko zote, na sikio langu hili hapa.

Abee, dada. Nimekuja.

Mdogo wako,
Nkwimba