Ngozi ya chumvi imekula kisu ya Papa Bahati

Masta, rafiki yangu, leo ni siku ya ine, Alhamisi. Mvua imekatika asubui lakini mawingu ingali imelala ku milima, na kule juu tunasikia masasi ya bunduki. Ya mbali. Lakini leo woga yangu haiko juu ya masasi.

Kisu ya wenyewe iko ku meza, na minye ndiye niliiharibu.

Ni ya Papa Bahati, jirani yetu, muchinjaji wa ng'ombe. Marehemu baba yake alikuwa anafua vyuma Lubarika. Aliitengeneza na ressort ya camion, springi ya lori, na karibu na mupini akapiga vitone vitatu, alama yake. Vita ilipokaribia, Papa Bahati akakimbilia Burundi na bibi yake na batoto. Ukipita ku frontière, ku mupaka, na kisu murefu vile, basoda, baaskari, banasema weye ni muasi. Akaniachia. Akaniambia niifunge mu kitambara kikavu, niweke juu ya kabati, basi.

Lakini minye sijui kuacha kitu.

Nilikuwa naangalia ku telefone ma-video ya bantu benye kushona mifuko ya visu, ile Biblia inaita ala. Nikajisemea, akirudi atakuta kisu yake imevaa! Na ngozi zilikuwa mingi, sababu frontière ilifungwa baada ya Papa kuvuka, na zile zilipashwa kwenda Bujumbura zikabakia mu depo, zimepakwa chumvi zisioze. Nikapata kipande, nikakisafisha na maji, nikakianika siku mbili, nikashona, nikatia kisu ndani. Ilipendeza. Nilipiga hata foto.

Siku ya kwanza, Jumatatu, nikataka kuichomoa. Ikakatala kutoka.

Nilipoivuta kwa nguvu ikatoka na kutu pande zote mbili, rangi ya mawese. Ku makali, vishimo. Unapitisha kidole, unavisikia. Nikajaribu nyanya. Haikukata, iliiponda. Dada yangu Neema akaangalia nyanya, akaniangalia: «Fundi ya telefone. Si uliambiwa kitambara?»

Nikalamba ile ngozi. Chumvi tupu! Chumvi inavuta maji, ngozi inayashika, chuma inakunywa. Nilipashwa kujua mbele ya kushona.

Ili nijue ala gani haileti kutu, nikavunja lame, bapa ya musumeno, vipande vitatu, nikavinoa na kuvisugua vyote mpaka ving'ae. Kimoja nikakiweka mu ngozi ileile. Cha pili mu tuyau, bomba ya plastiki niliyoipasha moto nikaikandamiza. Cha tatu kati ya vibao viwili vikavu nilivyovichimba na kuvifunga pamoja. Nikawa navitoa na kuvirudisha, kama muntu mwenye kutumika na kisu. Leo nimeangalia. Cha ngozi kimekuwa kahawia. Cha tuyau hakina kutu, lakini muchanga ya barabara iliingia mule ndani, imekikwaruza kote, na makali imelala. Cha mbao kiko vilevile, naona macho yangu ndani yake.

Nilirukaruka peke yangu mu nyumba. Kisha telefone ikalia.

Papa Bahati. Frontière imefunguliwa, kesho anavuka. Alisema kule kambini batoto bamekonda, na huku kwetu kuna muntu amemuahidia kazi ya kuchinja siku ya posho, Jumamosi. Kisha akacheka, akauliza:

«Mutoto yangu, kisu yangu iko inalala muzuri?»

«Inalala muzuri, Papa.»

Ilitoka mu kinywa kabla nifikiri.

Tangu saa tatu niko ku jiwe ya kunolea. Makali imerudi: nyembamba kidogo kuliko zamani, lakini nyanya inakatika. Kazi ataifanya. Shida iko ubavuni. Kutu imeingia mpaka ndani ya vile vitone vitatu. Niko na papier ya musasa. Nikisugua saa moja, kisu yote itang'aa, na labda hatajua kitu. Lakini vitone vitakwenda na kutu. Alama ya baba yake. Hana kitu kingine cha muzee, nyumba ya Lubarika ilichomwa.

Nimeweka musasa mbali. Nimeurudilia. Nimeuweka mbali tena.

Nikiacha vile, akisimama ku mulango ataona kutu kabla ya kunisalimia, na atajua kama nilimudanganya. Nikisugua, ataniita fundi, na minye nitajua nilichofuta.

Weye, kama angekuwa anafika kwako kesho, ungefanya nini?