Nyuzi Kwenye Mkono wa Pahoua

Kwako Mama Mshauri wa redio yetu,

Salamu nyingi sana, natumaini kile kikohozi cha wiki iliyopita kimekuachia, maana tulikusikia ukikohoa hewani tukakuonea huruma. Sisi hapa St. Paul ni wazima. Baba watoto, Wa Neng, anakusalimu, mgongo bado unamsumbua lakini kazini anakwenda. Mama mkwe anakusalimu, anasema upunguze kuongea haraka, masikio yake hayakufikii. Mwanangu mkubwa Tou na mkewe See wanakusalimu, na mtoto wao ameota jino la pili. Pahoua, binti yangu wa mwisho, hakusalimu kwa sababu hajui kama naandika, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mama Mshauri, nisaidie, nimekwama. Shule sikusoma, herufi nilifundishwa ukubwani kule maktaba, zikipinda nivumilie. Pahoua yuko chuo mwaka wa kwanza, anataka kuwa mfamasia, na kila Alhamisi wanaingia maabara ya kemia. Sasa barafu ilipoanza aliteleza kwenye ngazi za chuo akaanguka vibaya, mfupa haukuvunjika lakini usingizi ukampotea, chakula hataki, akawa mtu wa kushtuka shtuka, mama mkwe akasema roho ya mtoto imebaki pale kwenye ngazi, basi tukamleta mzee wa kuita roho, tukachinja kuku, tukachemsha mayai, ndugu wakaja, kila mmoja akamfunga uzi mweupe mkononi akimwombea heri, na mimi mama yake nikafunga wa mwisho, nikachagua uzi mnene wa pamba ule wa kufumia kwa sababu mwembamba hukatika upesi, nikapiga mafundo matatu, nikamwambia, mwanangu, usivue hizi mpaka umalize mitihani ya mwezi wa tano, ukizivua roho itatoka tena. Akasema, "Sawa, Mama." Na kweli akaanza kulala, akaanza kula, nami nikashukuru.

Jana Jumamosi tulikuwa tunaosha mboga kwenye sinki, nikaona hakunji mikono ya sweta.

"Kunja mikono, sweta linalowa."

"Acha tu, Mama, nasikia baridi."

Mama mkwe yuko kitini pale, haoni vizuri, lakini akitaka kuona anaona. Akasema, "Baridi gani na jiko linawaka? Lete huo mkono." Akaukamata mwenyewe. Nyuzi zimekuwa za njano, na ngozi chini yake njano kama binzari, pembeni imechubuka mpaka nyama nyekundu.

"Ni pilipili tu, Bibi."

"Pilipili nimeila miaka themanini haijanipaka rangi. Sema."

Akasema huku analia. Mwalimu wao, Bi Lindquist, siku ya kwanza aliziona zile nyuzi akamwambia hazifai kuingia nazo maabara, naye akamwitikia ndiyo, kisha akawa anazificha ndani ya glavu, lakini fungu lenyewe nene, glavu haikukaa, ikaacha mdomo wazi, na Alhamisi alipokuwa anamimina asidi matone machache yakaingia, nyuzi zikayanywa kama utambi wa taa, zikayashikilia pale pale kwenye ngozi. Akasuuza kidogo kwenye bomba, akashusha mkono wa koti, akaendelea. Mwalimu hakumwambia. Nikamuuliza, "Mbona hukuvua?" Akanijibu, "Si wewe ulisema nisivue?"

Neno hilo limenikaa kifuani tangu jana. Nimempaka mafuta ya kuku na majani niliyoyatwanga. Baba yake anasema, "Aache hiyo kemia, akasome uhasibu, karatasi haichomi mtu." Pahoua mwenyewe ameniambia Alhamisi hii asidi ni kali kuliko ile. "Sema wewe, Mama. Ukisema nivue, navua. Ukisema niache somo, naacha. Lakini useme wewe, nisije nikaugua tena ukanilaumu."

Sasa niseme nini? Nikizitoa, je, arudie kukosa usingizi na kukonda mbele ya macho yangu? Nisipozitoa, aungue mara ya pili? Mimi ndiye niliyemfunga, Mama Mshauri, nilitaka kumlinda. Tafadhali usikawie, jibu lifike kabla ya Alhamisi, redio naiacha wazi jikoni tangu asubuhi.

Ni mimi, Youa, mama yake Pahoua.


JIBU

Mama Pahoua, salamu zimefika, kikohozi kimekwisha, na mwambie mama mkwe leo naongea polepole. Ila umetaja majina ya nyumba nzima, kwa hiyo mtaa wote umeshajua. Basi tuongee wazi.

Kwanza mkono. Mtoto kaungua Alhamisi, leo Jumanne, na wewe umekaa unaandika barua! Nakuhurumia, lakini hapo nakukaripia. Hayo mafuta ya kuku yaoshe, umpeleke kliniki leo hii, na awatajie jina la asidi yenyewe, asiwaambie pilipili.

Kabla hamjatoka, nyuzi. Mimi nimefungwa nyuzi kabla wewe hujazaliwa. Kwetu wazee walisema siku tatu, kisha fungua. Wewe siku tatu umezinyoosha zikawa nusu mwaka, halafu ukatia na tishio juu yake. Hilo hawakukuagiza wazee, ni hofu yako, na mtoto mtiifu ameivaa mpaka ikamla ngozi. Umwambie hivyo kwa mdomo wako: "Nilikosea." Hutapungukiwa kitu.

Kisha vaa glavu zako za kuoshea vyombo, weka mkono wake chini ya bomba, maji yatiririke, na ufungue yale mafundo matatu wewe mwenyewe uliyeyapiga. Yakigoma, chukua mkasi bila kutetemeka. Ulipofunga ulimwombea; ukifungua mwombee vilevile, iite roho yake kwa jina, iambie nyumbani kuna wali wa moto na watu wanaoingoja. Mama mkwe asimame karibu, asaidie kuita. Nyuzi hizo usizifiche chini ya mto, nakujua. Zitie kwenye chupa ya kioo yenye maji, zipelekwe kwa mwalimu, yeye anajua pa kuzitupa. Na usinihamishie uzi mguuni! Asidi ikimwagika huenda chini.

Pahoua, najua unasikiliza. Kumwitikia mwalimu ndiyo halafu ukaficha, hilo ni lako, si la mama yako. Kesho nenda ukamwonyeshe mkono. Labda atakutoa maabara Alhamisi moja. Alhamisi moja haitakunyima ufamasia. Siku nyingine asidi ikikugusa, piga kelele hapo hapo, vua chochote kilichogusana nayo, ukae chini ya bomba robo saa nzima, wacheke wasicheke. Unasimama meza moja na wenzako, na wao wana mama zao.

Baba Pahoua, uhasibu mwachie anayeupenda.

Na wewe Youa, siku atakayorudi maabara, asubuhi mlangoni utauona mkono mtupu na vidole vitakuwasha kufunga kitu. Usifunge. Ushike mkono huo, weka kidole pale uzi ulipokuwa, umwambie, "Ukimwagikiwa, sema. Mimi sitakasirika."

Jioni ya siku hiyo nijulisheni upesi. Sitaki barua, zako ni ndefu. Pigeni simu hapa redioni, na aongee yeye.