Ulinikana kwa Kiholanzi

Kwa Kogo Rebeccah,
Silibwet,
Kaunti ya Bomet.

7 Septemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Benard,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza hivyo. Usilishikilie sana neno hilo.

Hujambo huko Rotterdam? Baridi imeanza? Na mgongo wako uliokuwa ukiulalamikia, umepoa? Sisi huku hatujambo sote. Mvua inanyesha kila alasiri na majani chai yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma. Kogo ni mzima. Anakula, anacheka, na Jumapili anatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kanisani. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia umekuwa ukiwapigia majirani simu kuulizia kifua chake. Kifua kimepona, pole sana.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Ningeweza kukuandikia kwa Kipsigis chetu, lakini mkeo Syprose ni Mkisii, Kipsigis hakijui, na sitaki umtafsirie. Barua hii anaileta Phanice, dada yake wa Kaplong, ambaye anakuja kuwatembelea. Nimemwagiza ampe Syprose mkononi. Wewe utasoma wa pili.

Sasa nikupe habari za masomo, maana nasikia unajigamba kwa watu kwamba ni wewe uliyenifundisha Kiholanzi.

Unajua chuo chetu cha Nairobi kina mpango na chuo kimoja huko kwenu. Kila mwaka mwanafunzi mmoja wa sheria anaenda kusoma huko muhula mmoja, lakini kwanza asome Kiholanzi cha kawaida, kisha Kiholanzi cha sheria, na afaulu vyote viwili. Nilipokuambia najaribu, ulicheka mpaka ukakohoa. Halafu ukajitolea kunifundisha kwa simu siku za Jumapili. Ulinifundisha kuagiza mkate, kuuliza basi linapita wapi, kuomba msamaha nikimkanyaga mtu. Ukasema, "Hiyo inakutosha. Hiyo ya sheria wachia wenyewe, itakuvunja shingo." Nilikushukuru wakati ule na shukrani hiyo siifuti. Ya mkate ni ya mkate.

Ya sheria sikukuambia naisoma namna gani. Likizo yote ya Aprili nilikuwa nikichuma majani na mama huku nikirudia maneno kwa sauti katikati ya mistari ya chai. Ile g yao ya kukwaruza koo ilinitesa. Sisi ambao hata kwa Kiswahili g na k zinatupiga chenga, yao tutaiweza wapi? Mama alidhani nimeshikwa na koo akanichemshia tangawizi. Na maneno yao ya sheria ni marefu kama kamba ya kufungia ng'ombe, matatu manne yameunganishwa pamoja, na ukikosea fundo moja ng'ombe ameenda. Niliyakomalia. Nikajua neno la mali, la ndoa, la kumtambua mtoto, la urithi. Mrithi wao humwita erfgenaam, na nililijua neno hilo vizuri kabla wewe hujalitamka mbele yangu.

Ndipo tukafika kwa ile simu ya Juni. Mwalimu wetu, mama mmoja Mholanzi mwenye moyo safi, alikuwa akinitafutia mahali pa kuishi, kwa sababu vyumba huko ni shida. Nikamwambia kwa fahari kwamba nina baba mdogo Rotterdam. Tukapiga simu ya video tukiwa watu watatu: yeye Nairobi, mimi kule juu ya shamba ambako mtandao unashika, na wewe jikoni kwako ukila. Ukanisalimia vizuri kwa Kipsigis, ukauliza ng'ombe wanaendeleaje. Kisha ukamgeukia mwalimu, tabasamu likiwa palepale usoni, ukamwambia kwa Kiholanzi kwamba mimi si mtu wa familia yako.

Uliendelea. Ukasema kuna bibi kizee asiye na mtoto wa kiume, na kwamba mama yangu huyo bibi kizee... Kiholanzi hupenda kuweka kitendo mwisho wa sentensi, kwa hiyo nilibaki nikisubiri nijue alimfanya nini mama yangu. Ukasema alimwajiri. Ukasema watoto wa mfanyakazi huyo hawana baba na hawatambuliwi, na kwamba bibi kizee akifa nyumba ile haina erfgenaam mwingine ila wewe, na Desemba unakuja kulimaliza jambo hilo kwa kokwet, baraza la kijiji chetu.

Mwalimu alijua nimeelewa kila neno, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha. Wewe ukarudi kwa Kipsigis ukaniambia nisome kwa bidii, Mungu anibariki.

Baba Mdogo, tangu siku ile nina hasira na wewe, na leo ninapoandika haijapungua hata kidogo. Nimeomba ipungue, haikupungua, nikaacha kuomba.

Hebu nikukumbushe mambo ambayo unayajua. Marehemu Kipkemboi, kaka yako mkubwa, aliaga bila mtoto wa kiume. Kogo Rebeccah, mjane wake, akafanya walivyofanya wanawake wa kwetu kabla yake: akaoa mke, mama yangu Joan, ili nyumba ya kaka yako isizime. Mahari ikatolewa. Nyasi ya ndoa ikafungwa mikononi mwao wote wawili mbele ya watu. Tangu siku hiyo Kogo ni mume wa mama na ni baba yetu, mimi na ndugu yangu Nicholas, ingawa mdomoni tunamwita Kogo, yaani nyanya, kwa ajili ya umri wake. Nani mwingine alihusika katika kuzaliwa kwetu, kwetu swali hilo haliulizwi na mtu mwenye adabu. Wewe umelipeleka mbele ya mgeni, na mdomo umejaa chakula.

Mahakama zetu zimewahi kuitambua ndoa ya namna hii, na hukumu nimezisoma. Lakini wewe hukumu za nini? Si ni wewe uliyeswaga ng'ombe wa mahari kutoka hapa mpaka Sigor, kwao mama? Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza shule, umevaa koti la marehemu. Mama anakumbuka ulivyosimama kwao ukasema, "Tumekuja kutafuta mtu wa kuwasha moto kwa ndugu yangu." Waliucheka ujana wako, lakini walikupa mtu. Leo mtu huyo amekuwa kijakazi?

Na usiniletee habari za kanisa, maana najua ndiko utakakokimbilia. Kwa ajili ya ndoa hiyo Kogo alinyimwa meza ya Bwana miaka mingi. Alikaa benchi la nyuma kila Jumapili, wenzake wakipita kwenda mbele, mpaka alipokuja mchungaji mwingine akamrudisha. Aliyeumia kanisani kwa ajili ya jina la kaka yako ni yeye. Wewe umeumia wapi?

Nilimwambia mama kwanza. Aliweka kikapu cha majani chini, akasema, "Kwani mimi niliandikwa na nani? Miaka yote hii nafanyia nani kazi? Si basi ningekuwa napewa hata off?" Nikadhani anafanya mzaha. Halafu akalia, na unajua mama yangu si mtu wa kulia. Nilisimama pale kati ya michai nisijue niweke wapi mikono yangu.

Kogo yeye aliniuliza swali moja tu: uliyasema maneno hayo ukiwa umekaa au umesimama? Nikamwambia umekaa, tena unakula. Akasema, "Basi hayo ni maneno ya chakula. Mtu akitaka kuzima nyumba ya mwenzake, asimame aseme watu wakisikia." Kisha akaomba aletewe mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akanywa, akalala. Nami nikajua yamekwisha, kwake.

Hakungoja Desemba yako. Jumamosi iliyopita aliitisha kokwet yeye mwenyewe, akatuvalisha nguo za kanisani, akatusimamisha mama, Nicholas na mimi mbele ya watu wote. Mzee wa kijiji akauliza kama kuna anayejua mwenye boma mwingine. Aliyeinuka ni jirani yetu Mokaya, Mkisii yule aliyenunua shamba mpakani mwetu. Akasema, "Mimi ni mtu wa kuja, mila yenu sijui yote. Lakini hiyo harusi nilikula. Na huyo Benard tulikula naye sahani moja." Watu walicheka mpaka mzee wa kijiji akashindwa kuwatuliza. Mwishowe Kogo akatushika mkono, Nicholas kushoto na mimi kulia, akasema, "Mimi nikiondoka, ni hawa." Hakuna aliyepinga. Kwa hiyo Desemba ukija, karibu, chai ipo. Jambo la kumaliza halipo.

Mtihani wangu wa mwisho wa Kiholanzi cha sheria ulikuwa wa kuzungumza. Kila mmoja alitakiwa kueleza jambo moja la sheria ya kwao na kujibu maswali. Wenzangu walizungumzia mikataba na kodi. Mimi nilieleza ndoa ya Kogo. Tuliufanya kwa video, nami nilikuwa kule juu ya shamba kwenye mtandao, simu imeegemezwa kwenye kibuyu, na wenye ndoa yao wamekaa kando yangu, mmoja kila upande, wakisikiliza lugha wasiyoijua kana kwamba ni mahubiri. Mwalimu aliniuliza maswali magumu kuhusu urithi na hakunihurumia. Kisha akaniuliza, kama kanuni za mtihani zinavyotaka, baba wa nyumba hiyo kisheria ni nani. Nikamgusa Kogo begani. Kogo akaipungia simu mkono.

Nilifaulu. Ni mimi niliyechaguliwa, na Februari nakuja huko. Mwalimu amenipatia chumba kwa rafiki yake, kwa hiyo usihangaike kunitandikia kitanda.

Kogo anakusalimu. Amesema wewe bado ni shemeji yake na ukiugua atakuombea, ila usimpigie simu mpaka ujifunze kusimama. Mama hakusema nikusalimie, na sitakudanganya kwamba alisema. Nicholas anauliza kama kule mtu anaweza kupata viatu vya mpira. Nimemwambia asikuombe kitu. Msalimie sana Syprose, na umwambie hasira hii haina sehemu yake hata chembe.

Binti yako Maxine usimsalimie kwa niaba yangu. Tunasalimiana wenyewe. Siku ile ya simu alikuwa jikoni, mezani kule nyuma yako, akifanya kazi ya shule. Ulitafuta lugha ya kunificha mimi, ukasahau kwamba mtoto wako hana nyingine. Alisikia yote. Wiki hiyo hiyo alinitafuta mtandaoni, akaniuliza kama ni kweli mimi si wao. Nilipochelewa kujibu akaandika tena, akauliza kama siku moja unaweza kumkana na yeye.

La kwanza nimemjibu: mimi ni dada yake. La pili nimemwambia akuulize wewe. Amesema anaogopa. Kwa hiyo, Baba Mdogo, ukimaliza kusoma hapa mwite, simama, umjibu kabla hajauliza.

Mungu akupe ulimi wa kulisema hilo, na akulinde na baridi.

Wako, upende usipende,
Fancy