Mukojo wa Watu Kumi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kaka yangu mukubwa, yaya Ruphin, anamaliza université na mimi ndiye namuokoa. Anataka mukojo wa motards kumi wenzangu wa Tshopo, wabeba watu kwa pikipiki kama mimi, kila mutu na chupa yake. Ni kwa kipimo anachotengeneza: kibao kidogo chenye dhahabu, kimepakwa kitu kinachonasa protini. Protini ikinaswa, umeme unaopita kwenye kibao unapungua. Hakuna kutia rangi, hakuna kubandika alama. Hata mimi niliyeachia masomo sita primaire nimeelewa. "Figo nzima haiachie protini ipite," anasema. "Nitafutie wanaume wa nguvu."
Nguvu? Si niko hapa.

Jumatano, 5 Juni
Nani ataomba motard mukojo? Watasema nawapeleka kwa mulozi. Bon — asubuhi nimekojoa kwenye bidon moja, nikagawa chupa kumi kama mama wa mafuta ya mawese. Nimeandika majina: Moussa, Timothée, Dominique na wengine. Yaya ameniita "mwanaume." Wasomi, kweli!

Alhamisi, 13 Juni
Nimemuuliza: alors, matokeo? "Motards wako wote ni sawa." Hakuniangalia. Halafu akauliza kama nalala muzuri. Tangu lini anajali?
Viatu havinienei tena, miguu imejaa. Mama anacheka. Nimemwambia ni misuli.

Jumanne, 25 Juni
Soutenance ya yaya, siku ya kutetea kazi yake mbele ya maprofesa. Mama amejifunga pagne mupya, mimi safu ya nyuma na kravati ya kuazima. Ukutani picha ya matokeo: vitone kumi vya protini, kimoja kwa kila chupa, vyote mustari moja, juu sana.
Profesa akauliza: watu kumi, jibu moja?
"Mutu moja, Professeur," yaya akajibu, sauti haitetemeki. "Mukojo wake nimeupima mara kumi, kuonyesha kipimo hakibadilishi neno. Mutu huyo iko mugonjwa wa figo."
Makofi. Mama alipiga kushinda wote.

Nje nikamushika yaya koti. Ulijua lini?
"Siku ileile nilipopima. Chupa kumi sawasawa, na wewe muvivu — ni nani mwingine?"
Na ukanyamaza?
"Ningesema, tungeanza hospitali, soutenance ingenipita. Na wewe si ulinidanganya wa kwanza, Chance?"
Ndiyo. Mimi nilimudanganya juu ya chupa.

Sasa uani wanacheza, naandika chumbani. Yaya amesimama mulangoni na kravati yake imelegea. Kesho tutaenda wote kwa munganga wa hospitali, anasema, lakini leo usimwambie mama, muachie furaha yake.
Mama anaita: kuja, Chance, nimekuwekea paja la kuku.
Yaya hatoki mulangoni, anangojea niahidi. Mama anaita tena.